Ukimvua, Atakuja?

Ilikuwa baada ya alasiri, barazani, kahawa imeshazunguka mara ya kwanza. Jamaa yetu mmoja aliyerudi kutoka Maskati akatoa mfukoni mkanda mweusi wa mbwa, wenye kiboksi kidogo na vyuma viwili vifupi vilivyochomoza upande wa ndani, pale unapogusa koo. Akaubana kwenye kiganja chake, akabonyeza rimoti kwa mkono wa pili, na vidole vikajikunja vyenyewe.

Vijana wakashangilia. Akawaambia basi tena, habari ya kumfuata mbwa uwandani, kwenye mawe na vichaka, mpaka magharibi imekwisha. Akigoma kurudi, unabonyeza.

Mzee mmoja, msasi aliyewinda na mbwa miaka mingi, alikuwa anasikiliza tu. Akatua kikombe chini.

“Mwanangu, ukimvua huo mkanda, atakuja?”

“Simvui, babu. Kila tukitoka atakuwa nao.”

Mzee akaitikia kwa kichwa na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya petroli. Mimi sikuhama. Swali lile nimelala nalo na kuamka nalo wiki kadhaa, kwa sababu nina mbwa jike niliyemlea tangu hajafumbua macho vizuri, jina lake Kaskazi, na mkanda kama ule nilikuwa nimeshaulizia bei.

## Kwenda hakufundishwi

Mbwa wa kuwindia hafundishwi kwenda. Mfungue kamba alfajiri, upepo umletee harufu, keshaondoka. Kazi yote iko kwenye kumsimamisha.

Anayeishi Muyuni, Kitogani au Mtende, huku kusini Unguja, hana haja ya kuelezwa kwa nini. Nguruwe wakiingia kondeni usiku, asubuhi muhogo uko nje ya ardhi, umetafunwa nusu na kuachwa. Tunatoka kwa kibali, na nyavu, marungu na mbwa. Lakini uwanda ule ule wanamolala nguruwe ndimo anamoishi paa nunga, mnyama ambaye ukitoka Unguja humkuti tena isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Mbwa hajui kibali kimeandikwa mnyama gani. Kwake yeye, paa nunga ni mwepesi zaidi kumkimbiza na hana meno ya kumpasua ubavu.

Halafu kuna Jozani. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na mpaka wake hauna ukuta wa kumzuia mbwa aliyeshika mkondo. Kuna na barabara. Yale matuta ya pale Jozani tunayopunguzia mwendo kila siku yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yanawagonga kima punju, wale kima wekundu wa Unguja. Mbwa anaivuka barabara ile ile bila kutazama kushoto wala kulia.

Niliwahi kumshuhudia mbwa wa kundi jirani akiacha nguruwe na kumfuata paa nunga. Mwenyewe aliita mpaka sauti ikamkauka. Sisi wengine tulikuwa tunapiga kelele za kusaka, mbwa wanabweka, upepo wa kusi unavuma juu ya vichaka, na sauti yake ilikuwa moja katika nyingi. Mbwa alirudi karibu na adhuhuri, ulimi nje, nyayo zimechanwa na mawe, na mdomoni ana damu.

Hakuna aliyeuliza ni ya nani.

## Sharti tulilolisoma chuoni

Wengi wetu tunayajua haya toka utotoni, kwenye chuo cha Kurani, ila tumeyaweka kwenye fungu la chakula: kipi halali kula na kipi si halali. Aya ya 4 ya Suratul Maida inahalalisha kile wanachotukamatia wanyama tuliowafundisha kuwinda, tuliowafundisha katika yale aliyotufundisha Mwenyezi Mungu. Adi bin Hatim, aliyekuwa akiwinda na mbwa, alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya hilo, akajibiwa kwamba ukimtuma mbwa wako aliyefundishwa na ukataja jina la Mwenyezi Mungu, kula alichokukamatia, ila mbwa akila katika alichokamata, usile, kwani huenda amejikamatia mwenyewe.

Maulamaa wa madhehebu ya Shafi wakaeleza nani hasa ndiye mbwa aliyefundishwa. Akitumwa, aende. Akikatazwa, akatazike. Akikamata, asile. Na hayo yakariri mpaka ijulikane kuwa ndiyo mwenendo wake. Mara ngapi? Idadi hawakuiweka, wameiacha kwa watu wanaowajua mbwa.

Miaka yote nimekuwa nikiyasoma masharti haya kwa haraka ili nifike kwenye la nyama. Safari hii nilisimama kwenye la pili.

Akikatazwa, akatazike.

Sharti hili limewekwa zamani za kale, wakati mtu hana kitu mkononi isipokuwa sauti yake. Mbwa yuko mbali, anakimbia, damu imemchemka, na bado linatarajiwa neno la mwenyewe limfikie na limrudishe. Walioandika hivyo walikuwa wameshawaona mbwa wa namna hiyo. Wasingeweka sharti lisilowezekana kwa jambo ambalo watu walikuwa wakilifanya kila siku ili wapate kitoweo.

Mimi si mtoa fatwa, na kwa nguruwe suala la kula halipo kabisa. Lakini kama kipimo cha mafunzo, sijaona kilicho bora kuliko hiki. Na mzee wa barazani, kwa maneno yake machache, alikuwa anauliza kitu hicho hicho.

## Ndani ya mkanda

Nimeutazama mkanda ule kwa makini, na mbwa aliyeuvaa pia. Rimoti hutuma mawimbi, kiboksi hupokea, umeme hupita kati ya vyuma viwili kwenye ngozi ya shingo. Nguvu yake hupandishwa na kushushwa. Mingine hutoa mlio au mtetemo kwanza. Ili ufanye kazi lazima vyuma viguse ngozi barabara, kwa hiyo mkanda unabanwa. Mbwa wa jamaa yetu, ukimgeuza kichwa kwenye mwanga, utaona chini ya koo madoa mawili yaliyopoteza manyoya, ngozi imekuwa nyekundu kidogo na ngumu pembeni. Alikuwa anavaa mchana kutwa.

Hayo madoa yatapona. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile anachojifunza mbwa.

Wewe umebonyeza kwa sababu hakurudi. Yeye hakuwa anafikiria kurudi. Alikuwa anamtazama mbuzi, au mtoto anayepita na ndoo ya maji, na hapo hapo shingo ikamuuma. Atauhusisha uchungu na alichokuwa anakitazama. Kuna mbwa wanaoishia kuogopa kichaka fulani au njia fulani, na wengine wanaowageukia wenzao, na mwenye rimoti hajui sababu.

La pili wanalijua wote waliowahi kuutumia: mbwa huutambua mkanda. Akiwa nao, ni mtiifu. Ukimvua, anajua kuwa leo hakuna kitu. Hapo swali la mzee limeshajibiwa.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln kule Uingereza walitoa kazi yao juu ya mbwa 63 ambao wenyewe walikuwa wamelalamika kuwa hawarudi wakiitwa, au wanafukuza mifugo. Waligawanywa makundi matatu ya mbwa 21. Kundi la kwanza lilifundishwa kwa mkanda wa umeme na walimu wazoefu wa mkanda huo. La pili walimu wale wale walifundisha bila mkanda. La tatu lilikuwa na walimu wanaotegemea zawadi. Kwenye amri ya kukaa na ya kuja, mbwa wa kundi la zawadi ndio waliotii vizuri zaidi kwa kuambiwa mara moja, na waliitikia haraka kuliko wale wa mkanda. Wales ilikuwa imeshapiga marufuku mikanda hiyo tangu 2010.

Mtu ataniambia kule ni malisho ya kondoo na huku ni mawe na miiba, na mafunzo yale yalikuwa ya siku 5 tu. Kweli. Ndiyo maana sikutosheka na kusoma.

## Pwani, maji yakipwa

Jambo la kwanza lilikuwa kuchagua mwito. “Njoo” nililiacha. Neno hilo mbwa analisikia kutwa: naitwa mimi, wanaitwa watoto, wanaitwa kuku. Mbinja nzuri kwa mwenye pumzi, lakini ukishakimbia nusu saa juu ya mawe midomo imekauka na mbinja haitoki. Nikachukua filimbi ya kawaida ya refa wa mpira. Sauti yake ni ile ile nikiwa nimetulia au nimekasirika, na hilo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mbwa husikia hasira ya mtu toka mbali, na mbwa mwenye akili haendi kwenye hasira.

Filimbi ikalia bandani kabla ya chakula, kila siku, mlio mmoja. Baadaye dagaa kavu. Kwa sisi kuna jambo la mate ya mbwa, ambayo ni najisi: madhehebu yetu yanajulikana, kuosha mara saba, moja yake kwa udongo, kwa hiyo sikumlisha mkononi. Dagaa niliwatupa chini katikati ya miguu yangu. Ikawa kheri, maana alijifunza kufika mpaka miguuni kabisa, si kusimama hatua tano mbali na kunyoosha shingo.

Halafu kamba ndefu, ya nailoni, inayoburura nyuma yake. Uwandani kamba haiendi hatua kumi bila kunasa kwenye jiwe, kwa hiyo shule yetu ilikuwa pwani maji yakipwa. Bamvua ndiyo pwani inakuwa pana, lakini ndiyo wakati kina mama wanashuka kwenye mwani, na haifai kuwaletea mbwa kwenye kamba zao za mwani na vikapu vyao. Tulikwenda upande wa mawe, wasikokwenda.

Kule kuna kaa. Kaa anayekimbia kwenda shimoni ni kiwindwa kamili kwa mbwa mchanga: ana mwendo, ana kona, anapotea ghafla. Kaskazi akiwa nyuma ya kaa, napiga filimbi mara moja. Akigeuka, dagaa. Asipogeuka, nakanyaga kamba, basi. Sisemi neno, simvuti kwa nguvu, wala sirudii mlio. Kamba inamwambia kuwa kule mbele hakuna njia, huku nyuma kuna dagaa.

Kurudia ndiko kunakoua mwito. Ukipiga mara tano na mbwa akaja mara ya tano, umemfundisha kuwa nne za mwanzo ni kelele. Na kila anapoitwa akiwa huru, akapuuza, kisha akafurahia mbio zake, mwito unapungua thamani, kama noti ambayo kila duka linaikataa. Ndiyo maana kwa muda mrefu sikupiga filimbi kabisa pale ambapo sikuwa na kamba ya kuisimamia. Kama yuko mbali na hana kamba, nilimfuata kwa miguu yangu, kimya.

Baada ya kaa wakaja kuku wa jirani, kwa ruhusa yake. Kisha mbuzi waliofungwa. Kisha kima wanaoshuka kwenye miembe na kukatiza kondeni, ambao ni mtihani mkubwa kuliko mbuzi mara nyingi.

## Filimbi iliyomaliza raha

Palikuja wakati mambo yakakwama. Kaskazi alikuwa anarudi, lakini kwa kujivuta, akinusa hapa na pale, na hatua za mwisho zilikuwa nzito. Kamba ipo, dagaa wapo, kila kitu kipo. Nilimtazama siku nyingi bila kuelewa, na hapo ndipo mkanda wa Maskati uliponirudia kichwani kwa nguvu.

Jawabu lilitoka kwake. Siku moja alirudi, akala dagaa, na kabla sijamshika akakimbia tena kwenye kaa wake. Nikampigia tena. Akarudi mbio, safari hii bila kujivuta hata kidogo.

Kumbe filimbi ilikuwa imekuwa habari ya kwenda nyumbani. Nilimwita mwisho wa mazoezi, nikamfunga, tukaondoka. Kwa mbwa wa kuwindia, dagaa ni kitu, lakini mbio ndizo roho yake. Kila filimbi ilimnyang’anya mbio na kumpa samaki mdogo mkavu. Hesabu hiyo mbwa anaijua.

Tukabadilisha. Namwita, anakuja, dagaa, na papo hapo: “Haya, nenda!” Mara nyingi, mara nyingi zaidi ya zile za kumfunga, kiasi kwamba hakuna mlio anaoweza kuuhesabu kuwa ndio wa mwisho. Zawadi ya kuacha mbio ikawa ni kupewa mbio tena. Hapo ndipo nilipoona mwito unaanza kuwa na nguvu ambayo hakuna betri iliyomo ndani yake.

Kuna kitu ningependa kila mfugaji akione kwa macho yake. Kaskazi akiwa katika mbio kamili nyuma ya kima, masikio yote mawili yamelala mbele. Filimbi inalia. Mwili hauonyeshi kitu. Lakini sikio la kushoto linageuka nyuma, peke yake, kabla ya hatua kubadilika. Kisha bega linashuka, nyayo za mbele zinachimba udongo, na ndipo mwili wote unazunguka. Kati ya sikio na bega kuna kitambo kidogo sana, na ndani yake mbwa anaamua. Mwenye rimoti, akiona mwili hauonyeshi kitu, ameshabonyeza. Hajawahi kumpa mbwa wake kitambo kile.

## Hoja zisizo nyepesi

Wenye mkanda wana la kusema, na sitaki kulipita.

Wanasema mbwa anaweza kufa leo kwa kugongwa na gari, na wewe unazungumzia miezi ya dagaa. Wanasema mkulima ana konde, ana skuli ya watoto ya kulipia, ana mashua. Hana jioni za kwenda pwani na kaa. Hoja ya kwanza ina jawabu: mbwa ambaye hajafundika anakaa kwenye kamba, hata kama kundi lote linatoka. Mwenye mkanda humtoa mbwa asiyefundishwa na kutegemea betri, katika uwanda wenye mapango na mabonde ambako mawimbi hukatika. Hoja ya pili sina jawabu lake la kuridhisha. Kazi hii inataka muda, na muda hauko sawa kwa kila mtu.

Wazee nao wana njia zao. Mbwa mchanga hufungwa pamoja na mbwa mzee na kujifunza kwake, na hilo nimeliona likifaa, ingawa mwanafunzi huchukua na maovu ya mwalimu. Bakora nayo ilikuwepo. Nilimwendea yule mzee nyumbani kwake nikamuuliza waziwazi kama alikuwa anawapiga.

“Nilipokuwa kijana nikiwapiga,” akaniambia. “Ila anayerudi sikumgusa hata siku moja, hata akichelewa mpaka usiku. Ukimpiga anaporudi, unamfundisha asirudi.”

Nikamuuliza kama angeutaka mkanda wakati ule, lau ungekuwepo. Alifikiri kwa muda. Akasema pengine angeutaka, kwa sababu kijana hupenda kitu cha haraka, na kwamba mbwa wake bora kuliko wote asingempata.

## Tulipofika sisi

Kundi letu limekaa na kuzungumza, pamoja na huyo jamaa yetu wa Maskati, ambaye ni mtu mzuri na anampenda mbwa wake. Tumekubaliana jambo moja. Mbwa yeyote atakayetoka nasi kwa kuachiwa huru ajaribiwe kwanza kondeni, shingo tupu, kima wakiwepo: mwito mmoja, na arudi mpaka miguuni. Si siku moja. Ikariri mpaka wazee watatu wa kundi waseme inatosha. Asiyefaulu anakwenda na kamba na atafaa kwa kunusa tu, kazi ambayo nayo ina faida yake kwa wenye nyavu.

Jamaa yetu ameomba nimwazime kamba ya nailoni. Ananiambia mkanda bado anao, na atauweka mpaka aone. Namwelewa. Mbwa wake ana miaka mitatu ya kukimbia bila kuitwa kwa maana, na kumfundisha upya kutachukua muda mrefu kuliko mtoto wa mbwa.

Kaskazi ameshapita upande wa Muyuni. Upande unaopakana na Jozani bado yuko kwenye kamba, kwa uamuzi wangu mwenyewe, kwa sababu sijamjaribu mbele ya paa nunga na sina njia halali ya kumjaribu. Mbele ya nguruwe na kima nimeshamwona. Paa sijui atafanya nini. Kwa sasa nafikiria kutumia ngozi ya mbuzi iliyofungwa kwenye kamba na kuburutwa vichakani na kijana mwenye mbio, ili apate mwendo wa ghafla na harufu ya mnyama bila mnyama. Mzee anasema haitafanana. Tutaanza baada ya masika, njia zikikauka.